Neno Linalopaswa Kutangulia

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya mwisho. Tuna kiyama, tuna gharika, tuna maafa na maangamizi, na tuna mwisho wa dunia ambao kila kizazi kimeutangaza kwa zamu yake. Mvua zikifurika bonde la Jangwani, dunia imekwisha. Unga ukipanda bei, dunia imekwisha. Kijana akimjibu mama yake ovyo mbele za watu, hapo ndipo imekwisha kabisa. Lakini pekua hazina hiyo yote utafute neno moja la tendo ambalo binadamu wamekuwa nalo mkononi tangu katikati ya karne iliyopita: kuua uhai wote, wa mtu na wa mnyama, wa mti na wa mwani, pamoja na uhai wa wale ambao hawajazaliwa. Hulipati. Unapata maelezo tu, maneno manne au matano yaliyofungwa pamoja, ambayo hakuna mtu atakayeyabeba kinywani siku mbili.

Pengo hili linaniuma. Tendo lisilo na jina ni vigumu kulikataza. Hulioni katika sheria, hulisikii likilaaniwa msikitini wala kanisani, hujui umwambie nini mtoto ili asije akalishiriki. Na ukilipa jina la kuazima kutoka kwa tendo jingine, utalihukumu kwa makosa ya jirani.

Jina la kuazima tulilolizoea ni kiyama. Vita vya nyuklia vikitajwa, neno hilo halikawii kutoka. Naona tunalidhulumu. Asili yake katika Kiarabu ni kusimama: wafu wanainuka na kusimama mbele ya Mola wao, kila mmoja na daftari lake. Ni siku ya kutisha, lakini ina hakimu, na mnyonge anaingoja kwa hamu. Mafundisho ya Kiislamu yanasema hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa siku hiyo kwa yule mwenye pembe aliyemchoma. Kiyama, basi, ni ahadi. Kinachoweza kufanywa na makombora hakiahidi chochote. Hakuna anayeinuka, hakuna anayesomewa daftari. Baya zaidi, tukikiita kiyama tunamsingizia Mungu kazi ya watu. Anayekingoja kiyama hufanya toba, na ni vyema afanye, lakini hatauliza nani ameshika ufunguo wa hayo makombora na nani alimpa. Gharika nayo haifai. Gharika ina Nuhu, ina safina, ina wanyama wanaopanda wawili wawili. Kisa chake chote kimejengwa juu ya waliosalia.

Tatizo limo hata katika vitenzi vyetu. Kiswahili kina kauli ya upole inayomstiri mtu: kikombe kimevunjika, barabara imeharibika, pesa zimepotea. Mgeni akikuvunjia kikombe, wewe mwenyewe ndiye unayewahi kusema kimevunjika, ili maneno yaishe hapo. Ni adabu nzuri. Lakini adabu hiyohiyo tumeihamishia mahali isipostahili. Misitu imetoweka, samaki wamepungua, vifaru wameadimika. Unaposikiliza unaweza kudhani waliamka alfajiri wakaondoka wenyewe.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa chura wa Kihansi. Huyu ni chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayekaa vizuri juu ya ukucha wa kidole gumba, na hatagi mayai kama vyura wengine. Anazaa watoto wazima. Sayansi ilimtambua mwaka 1996, katika korongo la Mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, wakati tayari bwawa la umeme lilikuwa linajengwa juu yake. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani yaliyoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Bwawa lilipoanza kazi, mwanzoni mwa milenia hii, karibu asilimia 90 ya maji yale yaligeuzwa kwenda kwenye mitambo. Manyunyu yakakauka. Mitambo ya kunyunyizia maji ikafungwa korongoni kuyaiga, chura akaanza kujirudi, kisha ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia ukamkuta huko. Mwaka 2009 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Ametoweka: hivyo ndivyo tulivyosema wote. Aliyebaki alikuwa ughaibuni, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani, kwa vile mia tano hivi walikuwa wamechukuliwa mwaka 2000 kama amana. Uzao wao ulirudishwa Kihansi kuanzia mwaka 2012.

Sisemi bwawa lisingejengwa. Megawati 180 ni taa za wodi ya wazazi, ni mashine za kusaga, ni watoto wanaosoma usiku, na sina haya ya kuzitaka. Ninachosema ni kwamba sentensi ya kweli ilikuwa na mtenda, nasi hatukumtamka. Tulimwondolea maji. Sentensi hiyo isingemrudisha chura, lakini ingetufundisha kuuliza mapema kidogo mara nyingine.

Walioliona jambo hili la mtenda kabla yetu ni ndugu zetu wa ng'ambo ya Atlantiki, na ajabu ni kwamba walilifanyia kazi kwa Kiswahili. Wamarekani weusi walipotafuta jina lao wenyewe la biashara ya utumwa na yote yaliyofuata, msomi Marimba Ani alichagua neno maafa, na likaenea. Maulana Karenga, aliyeanzisha sherehe ya Kwanzaa mwaka 1966, hakuridhika nalo. Maafa, alisema, yanaweza kuwa ya tufani au ya tetemeko. Ni bahati mbaya isiyo na mwenyewe. Akapendekeza maangamizi, kwa kuwa ndani yake mna kitenzi angamiza, na anayeangamiza ana nia na ana mkono. Mtu ambaye hakunyonya lugha hii kwa mama yake aliisikia ile sauti moja inayotenganisha angamia na angamiza, sauti ambayo sisi huipita kila siku bila kugeuka. Leo London kuna kampeni ya fidia yenye neno Maangamizi katika jina lake, na inayoshtaki kwa pamoja mauaji ya watu na mauaji ya mazingira.

Kwa nini basi tusichukue maangamizi tukamaliza kazi? Nililifikiria sana. Lakini neno hilo lina wenyewe sasa. Lina makaburi maalumu ya kuyalinda, na sioni haki ya kulivuta kutoka kwao ili litaje jambo ambalo bado halijatokea. Halafu sisi wa huku tumelichosha. Redio zilipotangaza habari za Iraki mwaka 2003, silaha za maangamizi zilitajwa kila saa, na hazikupatikana. Mtangazaji wa mpira naye hulitaja timu ikifungwa mabao matano. Neno lililozoea kubeba vitu vidogo halibebi hiki.

Historia ya neno jingine inafaa kukumbukwa hapa, kwa sababu inaonyesha faida ya jina na pia mpaka wake. Raphael Lemkin alikuwa mwanasheria Myahudi wa Poland. Mwaka 1933, kabla ya vita, aliwaandikia wanasheria wenzake waliokutana Madrid akipendekeza kwamba kuteketeza kundi la watu liwe kosa la kimataifa. Aliliita unyama, au ushenzi ukipenda. Neno halikushika na pendekezo halikupita. Kisha vita vikaja. Wazazi wake na jamaa zake karibu wote waliuawa. Mwaka 1944, akiwa Marekani, alichapisha kitabu chenye neno alilolishona mwenyewe kwa kuunga Kigiriki na Kilatini, nalo ni jenosaidi. Miaka minne baadaye, tarehe 9 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa uliupitisha mkataba wa kulipiga marufuku kosa hilo. Lemkin alifariki New York mwaka 1959, hana mali.

Kiswahili kililipokea kwa kusema mauaji ya kimbari, kutoka mbari, ukoo wa watu. Na lilitufikia hadi mlangoni. Mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda iliketi Arusha, na tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ndogo ya Taba. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa lenye jina lile la Lemkin. Waliowezesha hukumu ile ni mashahidi, wengi wao wanawake wa Taba, waliotajwa mahakamani kwa herufi tu ili wasidhuriwe. Walikuja, wakaketi, wakasimulia yaliyowapata wao na yaliyowapata wengine.

Nguvu ya neno ilikuwa imeshaonekana tangu 1994 yenyewe, kwa njia ya aibu. Watu wakiuawa kwa mamia ya maelfu, wasemaji wa serikali ya Marekani walikuwa wakihangaika mbele ya waandishi ili wasilitamke. Walikubali kusema vitendo vya namna hiyo vimefanyika, lakini neno lenyewe waliliogopa, kwa kuwa mkataba wa 1948 unawataka waliousaini wazuie na waadhibu. Neno ambalo wakubwa wanalikwepa ni neno lenye meno.

Hata hivyo lilichelewa, na kuchelewa ndiko kunakonitisha. Lemkin alilipata jina baada ya tendo. Rwanda ilipata mahakama baada ya tendo. Jirani zetu wanaosema Kinyarwanda walikuwa na kitenzi gutsemba, kumaliza kabisa bila kubakiza, nacho kikawazalia itsembabwoko, kuumaliza ubwoko, yaani kabila, kabla hawajaanza kusema jenoside. Nimejiuliza kama tungekiomba kitenzi hicho. Utaratibu wa kuunda istilahi za Kiswahili unaruhusu, hata unahimiza, kwenda kwa ndugu wa Kibantu kabla ya kwenda mbali. Ndivyo tulivyopata ikulu na kitivo na ngeli. Lakini kitenzi hicho nacho kimelipiwa kwa damu, na wenyewe wanakihitaji kwa kumbukumbu yao. Na kwa tendo la kumaliza uhai wote utaratibu huu wa kungoja hauna maana. Hakutakuwa na wanawake wa Taba. Hakutakuwa na mfasiri, wala kinasa sauti, wala ukumbi wa Arusha. Jina lake lisipotangulia halitakuja tena.

Wapo watakaosema hili ni jambo la Wazungu na makombora yao. Sivyo, na msemaji wa Kiswahili ndiye wa mwisho kuruhusiwa kusema hivyo. Urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya migodi. Wachimbaji wa kampuni ya Union Minière waliamriwa kwa Kiswahili, wakaitana kwa Kiswahili, wakalitoa jiwe ambalo utajiri wake wa urani haukuwahi kuonekana mahali pengine. Baadhi ya vipande vilifikia asilimia 65. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo hadi ghala moja la Staten Island, New York, yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 16 Julai 1945 bomu la kwanza likajaribiwa jangwani New Mexico, na tarehe 6 Agosti la pili likaangushwa Hiroshima. Wachimbaji hawakuambiwa jiwe lilikuwa la nini. Mgodi ulizibwa kwa zege uhuru wa Kongo ulipokaribia, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka ikaua watu. Kwa hiyo mavumbi ya jambo hili yamo katika mapafu ya watu wa lugha yetu. Kudai kulitaja ni haki yetu, na tusingoje kutafsiriwa.

Lugha nyingine zimekwisha jaribu. Mwaka 1962 Rachel Carson aliandika kwamba sumu zilizoitwa za kuulia wadudu zingestahili kuitwa za kuulia uhai, maana sumu haijui kuchagua. Hoja yake inatugusa, kwa kuwa sisi tumesanifu neno viuatilifu, dawa zinazoua kinachotilifu mazao, na jina hilo linatuaminisha kwamba dawa inajua nani mharibifu na nani nyuki.

Kisha kuna Arthur Galston, mtaalamu wa mimea, ambaye habari zake zinastahili kusimuliwa polepole. Akiwa mwanafunzi miaka ya 1940 alichunguza kemikali inayoharakisha maua ya soya, akaona kwamba ikizidi huyapukutisha majani. Wengine wakaichukua elimu ya namna hiyo hadi kwenye maabara za jeshi. Kuanzia 1962 hadi 1971 ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea juu ya Vietnam, nyingi zikiwa na sumu ya dioksini, zikaua mikoko na misitu ya bara na mashamba ya mpunga, na magonjwa yake yangali yanatajwa hadi leo. Galston alipigana na jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1970, katika mkutano wa Washington kuhusu vita na uwajibikaji, alilipa jina, ekosaidi, akataka dunia ilikataze. Namheshimu sana kwa hilo. Alijua jani linavyoanguka, na hakusema majani yameanguka. Vietnam baadaye iliingiza kosa hilo katika sheria zake za jinai, na mwaka 2024 visiwa vya Vanuatu, Fiji na Samoa vilipendekeza rasmi liongezwe katika makosa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Kwa Kiswahili wengi hulitafsiri kuwa mauaji ya mazingira. Sina amani na tafsiri hiyo. Mazingira ni yale yanayotuzingira. Sisi tuko katikati, vingine vyote ni uzio. Aliyeharibu uzio bado anadhani nyumba ni salama. Na neno la tatu, lile ambalo mwanafalsafa John Somerville alilitumia kwa vita vya nyuklia, yaani kuua vyote bila kusaza, ukiliswahilisha linakuwa omnisaidi. Lisikilize. Katika sikio la Mswahili lina msaada ndani yake. Mtu asiyejua Kilatini atadhani ni jina la shirika la hisani. Haliwezi kututumikia.

Kwa hiyo nimerudi nyumbani, na nyumbani nimekuta kitindamimba. Hakuna asiyemjua: mtoto wa mwisho, aliyefunga uzazi wa mama yake. Ukilifungua jina lake unaona kitenzi tinda, ambacho lahaja za kaskazini hukitumia kwa kuchinja, nacho hubeba pia maana ya kukata kitu kisiendelee. Kingali hai katika kutindikiwa, na kingali hai katika tindo, patasi ya kukatia chuma. Kwa mtoto yule neno ni la mapenzi, mama amepumzika. Lakini muundo wake umebeba kitu ambacho lugha nyingine zimehangaika kukieleza, kwamba kuna kukata kwa namna ambayo hakuna kinachozaliwa baada ya hapo.

Jonathan Schell, mwandishi wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1982 katika kitabu chake kuhusu hatima ya dunia. Kufa kwa watu wote walio hai, alionyesha, ni msiba mmoja. Kufutwa kwa wote ambao wangezaliwa ni msiba mwingine, wa pili, na hauna waombolezaji. Kiswahili, ambacho bado kinawaita mizimu watu waliokwisha kufa na kuwaombea dua wasiozaliwa, kingepaswa kulielewa hilo upesi kuliko lugha yoyote. Kuua kunamkuta aliyepo. Kutinda kunamkuta hata asiyekuwapo.

Napendekeza utindauhai. Atendaye ni mtindauhai, na wakiwa wengi ni watindauhai, kwa mtindo uleule uliotupa mpigakura na wapigakura. Tinda ni la Kibantu, uhai umetoka Uarabuni. Ndoa ya namna hiyo si ngeni kwetu, ndiyo iliyoujenga mwili wa lugha yenyewe. Nilichagua uhai, nikaacha viumbe, kwa sababu ya sarufi. Sisimizi na waziri tumewaweka katika upatanisho mmoja, wote wamekufa, wote wamelia, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mti umebaki nje, na matumbawe yamebaki nje, ingawa tumbawe ni mnyama. Uhai unawachukua wote bila kuuliza ngeli.

Najua kizuizi cha kwanza kitakachoinuka, na hakitatoka kwa wanaisimu. Kitatoka kwa bibi zetu. Usituchurie. Mwenye kusema tutakufa wote anaambiwa analeta uchuro, na usiku nyoka haitwi nyoka, anaitwa kamba, asije akadhani ameitwa. Sidharau imani hiyo. Imetokana na kujua kwamba neno ni kitu, linatoka kinywani likaenda kufanya kazi. Lakini nyoka wa usiku anaitwa kamba na watu wanaojua vizuri kwamba ni nyoka; jina la kando linawafaa kwa kuwa jina la kweli wote wanalo. Hapa hatuna jina la kweli la kulikwepa. Tuna majina ya kando matupu.

Kizuizi cha pili ni cha wanasayansi, nacho ni kizito zaidi. Uhai wote, wanauliza, mtu anaweza kuuua? Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini ya ardhi, walikutwa bakteria wanaoishi gizani bila jua wala hewa, wakila nguvu inayotokana na mionzi ya mawe. Vita vyetu visingewafikia. Mwaka 1983 Carl Sagan na wenzake walikokotoa jinsi moshi wa miji inayoungua ungeziba jua na kuleta baridi ya kuua mazao mbali na mahali mabomu yalipoanguka. Hata hesabu hiyo haikufika Mponeng. Nakubali. Lakini sijaona mtu akikataa kuita jambo mauaji ya kimbari kwa sababu wapo waliosalimika. Mkataba wa 1948 unahukumu nia ya kuliteketeza kundi, lote au sehemu yake. Utindauhai nao uhukumiwe kwa kukubali kwake kukata mfululizo wa kuzaliwa, hata kama bakteria mmoja, chini kabisa, atabaki akigawanyika bila kujua.

Je, neno litashika? Hilo halimo mikononi mwa anayelipendekeza. Tarakilishi lilibuniwa kwa ustadi na bado linasukumana na kompyuta. Ukimwi, kwa upande wake, lilikuwa ufupisho wa kitaalamu, upungufu wa kinga mwilini, likaingia kila nyumba na kuwa neno la kawaida kabisa. Liliingia kwa sababu watu walikuwa wanazika. Huko Kagera waliouona ugonjwa mapema walikuwa wameshaupa jina la mitaani, Juliana, jina la kitambaa cha biashara ya mpakani, kwa kuwa walihitaji kuusema kabla wakubwa hawajakaa vikao. Neno ninalolileta halitapata msukumo wa namna hiyo. Likisubiri makaburi ndipo liingie midomoni, halitaingia. Litahitaji watu walitumie wakiwa wazima, katika tahariri na hotuba za Ijumaa na za Jumapili, katika mitihani ya insha, katika tafsiri za mikataba kama ule wa Pelindaba uliolifanya bara la Afrika liwe eneo lisilo na silaha za nyuklia.

Na litahitaji kulindwa lisitapanywe, kama maangamizi yalivyotapanywa. Hapa nina msimamo mkali. Mama anayepika maandazi kwa mkaa Manzese si mtindauhai. Mvuvi anayetupa baruti juu ya matumbawe anafanya kosa, anaua makazi ya samaki wa wajukuu zake na anapaswa kuzuiwa, lakini jina lake ni jingine. Kuna tabia ya kugawa lawama ya dunia kwa vichwa, kila mtu kijiko kimoja, mpaka anayestahili pishi nzima anaondoka na kijiko kama wengine. Mtindauhai awe ni yule mwenye uwezo wa kuukata uhai, anayeujua uwezo huo, na anayeendelea kuutunza, kuunoa na kuutishia wengine. Mwaka 1986 duniani kulikuwa na vichwa vya nyuklia karibu 70,000; leo vimebaki kama 12,000, na vingali vinatosha. Zilizo navyo ni serikali tisa, na zinajulikana, ingawa ya Israeli haijawahi kukiri rasmi: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, Uchina, India, Pakistani, Israeli na Korea Kaskazini. Nyingi kati yake zina wizara inayoviita kinga.